Niliandika "Hasi" kwenye fomu ya baba mkwe

Mpendwa mshauri Mama Gaudensia, naomba msaada, na naomba pia unisamehe urefu wa barua hii, kwa sababu kila nikijaribu kuifupisha naona kwamba ninachokiondoa ndicho ninachokiogopa.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya binafsi hapa Nsemulwa, Mpanda mjini, nina mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu, na naishi Ilembo na mume wangu, ambaye nitamwita Mwandu, anauza mbegu na mbolea. Majina yote nimeyabadilisha. Sisi ni Wasukuma, wazazi wetu waliingia Katavi na ng'ombe sisi tukiwa wadogo, na hilo nalitaja mapema kwa sababu bila kulijua hutaelewa jinsi mtu aliyekaa chuoni miaka mitatu akifundishwa kuchukua sampuli anavyoweza kushindwa kuchukua sampuli.

Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Sikumtazama usoni, sikukaa alipokaa, sikumpa kitu mkononi, nilikiweka chini naye akakiokota, jina lake silitaji mpaka leo, na tukikutana njiani ni mimi niliyeiacha njia na kupiga goti. Sikuwahi kuona ni mzigo. Alikuwa mzee mpole na najua alinipenda kwa namna hiyo hiyo ya kutazama pembeni, maana Mwandu aliniambia kwamba kule mnadani alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mkwe wake ana kioo cha kuona hata kupe wa kupe.

Aliishi kijijini Litapunga na mke wake wa pili, Générose, kwa kuwa mama mzazi wa Mwandu alifariki miaka tisa iliyopita. Générose ametoka kwenye familia zilizokuja kutoka Burundi, amezaliwa hukuhuku, ni raia kama mimi na wewe, lakini kwenye ukoo wa mume wangu bado wanamwita "yule Mrundi" hata akiwa amesimama hapo hapo anawapakulia ugali. Hakuzaa na mzee. Nilipojifungua, mama yangu alikuwa mgonjwa, na ni Générose aliyekuja Ilembo akakaa siku arobaini, akanikanda kwa maji ya moto, akaniambia nikitaka kulia nilie wakati wa kukandwa kwa sababu hakuna atakayeniuliza nalia nini.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikiwa imekolea, mafua makali yalizunguka sana huku kwetu, na mzee akaanza kukohoa na kupata homa. Siku ya sita Générose akampakia kwenye bodaboda akamleta mjini. Walipita mahali pawili ambapo wangeweza kupata matibabu, mzee akakataa kushuka, akasema anakwenda kwa mtoto wake, yaani kwangu.

Siku ile mwenzangu wa maabara, Elia, alikuwa ametumwa kufuata vitendanishi, zile dawa za kupimia, nilikuwa peke yangu. Tabibu wetu alimsikiliza mzee kifua, akaandika kipimo cha haraka kile kinachotafuta kwa pamoja aina mbili za mafua makali na Korona, akamleta kwangu. Mshauri, kipimo kile kinaanza na kijiti chembamba chenye pamba. Kinatakiwa kiingie puani kikiwa kimelala, kiende mbali, karibu nusu ya safari ya kutoka tundu la pua hadi kwenye sikio, mpaka kigote kule nyuma, kizungushwe taratibu, kikae hapo sekunde kadhaa. Mtu anaumia kidogo na macho yanajaa machozi. Elia huwa anasema kama mgonjwa hajakuchukia hujafika.

Mzee aliingia maabara, nami nikiwa na koti jeupe, barakoa na glovu, nikapiga goti sakafuni nikamsalimia. Akaitikia akiangalia kalenda ukutani. Nikamwomba akae, akakaa, akageuza uso tena ukutani, kwa sababu hivyo ndivyo mzee mwenye heshima anavyofanya mkwe wake akiwa karibu. Nilitakiwa kumshika kidevu na kuinua kichwa chake kinitazame. Mkono wangu ulikwenda ukarudi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe, fanya upesi, tusije tukaonekana." Basi nikafanya upesi. Nilipeleka kijiti pale mlangoni mwa pua, nikakizungusha mara moja, akakohoa, kikohozi kikanipata machoni juu ya barakoa, nikakitoa. Hakutoa chozi hata moja. Akaniambia, "Una mkono mwepesi, ng'wanawane," yaani mwanangu, na hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kuniita hivyo.

Nilidondosha matone kwenye kibao cha kipimo, nikasubiri dakika kumi na tano. Mstari wa C ulitokea mwekundu na mnyoofu, na mtu asiyejua akiuona anaridhika, lakini mimi najua mstari ule unasema tu kwamba kile kibao kinafanya kazi, hausemi kama ulichokiweka ni kamasi ya kule ndani au ni karibu na maji matupu. Mistari mingine haikutokea. Nikachukua fomu, nikaandika Hasi mara tatu, moja kwa kila kirusi. Fomu yetu ina sehemu ya ubora wa sampuli, nikaweka tiki kwenye "inafaa". Tabibu aliipokea, akamwangalia mzee pale kwenye benchi anavyohema, akaniuliza, "Sampuli ilikuwa nzuri?" Nikasema, "Ndiyo, ilikuwa nzuri."

Nimelifikiria hilo neno mpaka limekuwa halina maana. Kama ningesema hapana angeniambia nirudie, na kurudia kulikuwa na maana ya kumwita tena mzee ndani, kupiga goti tena, na safari hii kumshika uso.

Tabibu alimpa dawa za kifua, akamwambia akizidiwa arudi au aende hospitali kubwa moja kwa moja. Waliondoka, na mzee aliikunja fomu mwenyewe akaiweka mfukoni.

Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, wakiwa wanatafuta gari la kumbeba, alifariki. Générose alinisimulia baadaye, tukiwa tunamenya ndizi za msibani, kwamba alimsihi siku tatu mfululizo warudi mjini, akawa anakataa. Alimwambia, "Mtoto wangu amenipima hajaona kitu. Unataka nikamwambie amekosea?"

Aliponiambia hayo niliendelea kumenya ndizi.

Sasa ndipo tatizo langu lilipo. Siku ya tatu ya msiba, Masalu, kaka mkubwa wa Mwandu, alisimama mbele ya watu na ile fomu. Akaisoma kwa sauti, Hasi, Hasi, Hasi, akaikunja, akasema, "Hospitali imetafuta ugonjwa mara tatu haikuuona. Basi tuulizane mzee alikuwa anakula nini na nani alikuwa anampikia." Watu wote waligeuka kumtazama Générose. Yeye alikuwa amemchemshia tangawizi na kumfukiza kwa majani ya mkaratusi, na hakuwa amemficha mtu. Yeye mwenyewe alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Wajukuu wawili walikuwa na homa, jirani aliyekuwa akimgeuza mzee kitandani alikuwa ameshalala kwake hajiwezi, na katika watu wote wale hakuna aliyejumlisha, kwa sababu karatasi ilikuwa imeshasema hakuna ugonjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, mtoto wangu anavuta kilemba changu, na mwandiko uliokuwa unasomwa ulikuwa wangu.

Masalu ameiweka fomu ile kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vibali vya mifugo. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wanataka Générose aondoke kwenye boma, arudi kwa ndugu zake bila nyumba na bila shamba alilolima miaka minane, na kuna vijana wanaozungumza mambo mengine ambayo siwezi kuyaandika. Hatoki nje siku hizi. Nikimpigia simu anaongea taratibu kama mtu anayesikilizwa mlangoni.

Mshauri, kuna sehemu nimeiruka.

Siku mbili baada ya kumpima mzee niliamka na homa na mwili unauma kila kiungo. Nilipofika kazini Elia akasema nikae, akanichukulia sampuli kama inavyotakiwa, mpaka nikamshika mkono kwa maumivu, na baada ya dakika chache mistari ikatokea miwili. Mafua makali. Elia akanitania kwamba sasa nimepata ninachowapimia wenzangu, akanirudisha nyumbani. Mzee alikuwa bado hai. Alikuwa hai siku hiyo na siku iliyofuata. Nililala kitandani na simu iko karibu na mto nikijiambia kwamba zahanati nzima inakohoa, naweza kuwa nimeambukizwa na mtu yeyote, kwamba virusi havina anwani, kwamba nikipiga simu nitawatisha bure, na kila nilichojiambia kilikuwa kinawezekana kuwa kweli, ndiyo maana kilinitosha. Sikupiga. Kile kibao chenye mistari miwili nilikiomba kwa Elia nikakihifadhi kwenye droo, sijui kwa nini, nacho kiko hapo hadi leo.

Mwandu hajui. Analia bafuni akifungulia maji. Juzi aliniambia kinachompa faraja ni kwamba baba yake angalau alipimwa na mkono wa nyumbani. Nikimwambia, atampoteza baba yake mara ya pili, na safari hii kupitia kwangu. Nikisema kwenye kikao, kwanza wakwe wa kike hatuzungumzi kwenye kikao, halafu nitakuwa nawaeleza wazee jinsi nilivyosogelea uso wa baba mkwe, na kazini wakijua nitapoteza kazi, pengine hata leseni.

Nimefikiria njia ya katikati. Nimwambie Mwandu awaambie kwamba vipimo vya haraka huwa vinakosea, jambo ambalo ni kweli kabisa, lipo kwenye vitabu, na niishie hapo, bila kusema habari ya mkono wangu wala ya zile siku mbili. Générose angepona na sisi tungebaki tulivyo. Lakini nikiwaza hivyo nakosa usingizi, na nikiwaza kusema yote nakosa pumzi. Naomba uniambie nifanye nini. Sikuombi uniambie kama nilimuua, kwa sababu nadhani jibu lako lolote sitaliamini.

Mimi niliyeandika Hasi,
Mpanda.


MAMA GAUDENSIA ANAJIBU

Binti yangu, pole. Pole kwa msiba na pole kwa kukaa peke yako na jambo zito kiasi hiki huku unanyonyesha, unapika na unakwenda kazini kupima watu wengine.

Nianze na ambalo hukuliuliza, kwa sababu umelikataza mno hadi nikajua ndilo unalolitaka. Nimezungumza na mtu aliyefanya kazi ya maabara tangu wewe hujazaliwa. Ameniambia kwamba vipimo hivi vya haraka, hata vikishikwa na mkono bora kuliko wote, vinaweza kumkosa mgonjwa mmoja kati ya watatu, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Kwa mtu aliyefika siku ya sita, virusi puani huwa vimeanza kupungua hata kama kifua ndicho kinazidi. Kikisema chanya, msimu kama ule, mara nyingi ni kweli. Kikisema hasi, akasema, maana yake ni hatukukiona, na hapo daktari anatakiwa amtazame mgonjwa kuliko karatasi. Kwa hiyo hata ungemshika mzee kidevu na kumtoa machozi, huenda ungeandika neno lile lile. Na hata ungeandika chanya, hakuna ajuaye kama angepona. Huwezi kusema ulimuua. Huwezi pia kusema hukuhusika. Utaishi katikati hapo, na watu wengi wa kazi yako wanaishi hapo wala hawasemi.

Sasa nikukaripie, maana umeniandikia mimi badala ya dada yako kwa sababu ulijua nitakukaripia.

Mkono uliorudi nyuma mbele ya baba mkwe nausamehe. Nimeolewa Usukumani pia, nisingeweza. Lakini hukushindwa kutamka. Tabibu alikuuliza swali la maneno matatu na ulikuwa na mdomo. Ungeweza kumwambia, huyu ni mkwe wangu, siwezi, naomba umchukulie wewe, au tumsubiri Elia. Hakuna mtu hapa Katavi ambaye asingekuelewa. Hukusema kwa aibu. Halafu siku ulipojua, ulilala na simu pembeni ya mto. Hayo mawili ni yako, uyabebe, sitakupunguzia.

Hata hivyo hayo yamepita, na wewe unayatazama usiku na mchana kana kwamba ndiyo pekee yaliyopo. Nimeisoma barua yako mara nne. Imejaa wewe. Mkono wako, mwandiko wako, usingizi wako, pumzi yako. Kuna mwanamke Litapunga amejifungia ndani kwa sababu ya karatasi yako, naye umempa mistari michache kisha ukarudi kwako. Kosa la tatu halijapita, binti yangu, unalifanya leo hii ukisoma hapa, na ni hilo tu ambalo bado unaweza kuliacha.

Njia yako ya katikati siikubali. Ukisema vipimo hukosea kwa jumla, Masalu atakuuliza, na hiki chako kilikosea? Utajibu nini? Ukisema sijui, amekushinda. Na hata akikubali, Générose atabaki na neno "labda". Labda ni ugonjwa, labda ni yeye. Mjane hawezi kuishi kwenye boma lile na "labda". Kinachoweza kumwondolea tuhuma ni wewe kusema sampuli haikufika inapotakiwa, kwa hiyo fomu ile haithibitishi chochote, na mimi niliyemsogelea nilipata mafua makali siku mbili baadaye, na kipimo changu hiki hapa. Hujui kwa nini ulikihifadhi kile kibao. Mimi najua. Kitoe.

Na jambo jingine. Barua yako iliponifikia nilikutumia ujumbe kukuuliza kama unajua kwamba Litapunga gazeti hili linasomwa, na kwamba kubadilisha majina hakutaficha kitu. Ulinijibu, "Najua." Nikakaa nikatafakari jibu hilo. Ulitaka gazeti liseme kwa niaba yako, siku moja Mwandu alikute kwenye meza ya duka lake, na wewe uwe jikoni. Sitakusaidia katika hilo. Majibu haya nakutumia kwenye simu yako leo Jumatatu. Gazetini nitayatoa Jumapili, siku moja baada ya kikao, na kabla ya kuyachapisha nitakupigia. Kama utakuwa umenyamaza, nitayaweka kabatini na hayatatoka, ila mimi na wewe tutajua.

Fanya hivi. Jumanne, mchana, mtoto akiwa kwa jirani, mwambie mumeo. Mwambie akiwa amekaa, na simu zenu mbali. Anza na zile siku mbili, usizifiche mwishoni kama ulivyonifanyia mimi. Asipokujibu mwache asijibu. Akitoka nje mwache atoke. Usimwombe msamaha mara kumi, utamlazimisha akufariji wewe, na aliyefiwa na baba ni yeye.

Jumatano asubuhi nenda kwa tabibu na Elia, uandike taarifa ya tukio kwa mkono wako na uisaini. Waombe wakubali utaratibu wa kwamba mtu hapimi mkwe wake, na kwamba sampuli isiyoridhisha inaandikwa hivyo na inarudiwa. Huenda utaadhibiwa. Mimi siijui sheria yenu, lakini najua kosa lililosemwa na mwenyewe linasikilizwa tofauti na lililogunduliwa. Mwombe tabibu aje kwenye kikao, awaeleze wazee hasi ni kitu gani. Wewe uko sahihi kwamba mkwe wa kike hazungumzi pale. Mwandu azungumze, au tabibu, wewe ukiwa umekaa nyuma na wanawake, na ukiulizwa, "Ni kweli?" uitikie. Hilo mila haikukatazi. Na kuhusu wale vijana na mambo usiyoweza kuyaandika, usingoje kikao. Leo hii umwone mwenyekiti wa kijiji, na ukiona dalili ya fujo, polisi wana dawati la jinsia. Aibu ya ukoo isikuzuie, mmeshapoteza mtu mmoja.

Lakini kabla ya kikao, Alhamisi, panda bodaboda uende Litapunga peke yako. Générose asiyasikie haya mbele ya wanaume. Anaweza kukufukuza. Anaweza kulia, au akakutengea chakula na asikusemeshe neno, na hilo litakuuma kuliko kufukuzwa. Vumilia. Usimkumbushe zile siku arobaini, wala usimwambie unavyoteseka.

Yule mama alimsihi mumewe siku tatu, akakataliwa, akamwona anakata pumzi mikononi mwake, na tangu siku hiyo kila anayekuja anamuuliza alimpa nini. Nina hakika naye ameshaanza kujiuliza. Tangawizi, majani, uji, sufuria ipi. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia mumewe aliugua nini. Wewe ndiye unayejua. Ukifika, kaa chini, na hilo ndilo liwe neno lako la kwanza.